Mahindi Juu ya Mabati

Mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, watu wenye akili zao hukimbilia ndani. Mimi hutoka nje. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana mgeni hapa Eldoret mpaka wiki hii ninayoandika, na mume wangu alishachoka kuniuliza. Naweka karai kichwani, nasimama kando ya ukuta, natazama mapaa ya majirani: wapi mawe yanateleza, wapi yanakwama, wapi yanaanza kupangana. Nikiona gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, imebeba vizuri nafurahi mpaka napiga makofi. Nikiona mahali pameziba nakunja uso, hata kama nyumba si yangu na fundi simjui.

Siku ya kuniaga, baada ya soda na ile keki yenye umbo la nyundo, ninyi mafundi wa karakana mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Vipimo mnavijua, vimebandikwa ukutani, sitavirudia. Nitaandika juu ya mawe. Mafundi wengi hapa mjini hufikiri adui wa paa ni mvua, lakini mvua ukiionyesha njia inapita. Mawe yanakaa. Yakikaa juu ya bati huku nyuma yake mvua inaendelea kunyesha, yanakuwa boma la barafu, na maji yanapanda nyuma ya boma hilo. Maji yaliyopanda yanaingia chini ya maungio ya mabati, yanafuata mbao, yanakuja kudondoka kwenye kitanda cha mtu aliyelipia paa zuri. Hiyo ndiyo kazi yangu yote ya maisha kwa maneno machache, na bado ikitajwa moyo unanidunda.

Nilikuja kutoka upande wa Bungoma nikafikia kwa dada yangu aliyekuwa anauza nguo za watoto mtaani Munyaka. Yeye ndiye aliyesikia kwamba kuna karakana ya mabati mjini inatafuta mtu wa kufagia. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya wazi, kosa ambalo sijalirudia. Masalio ya bati lililokatwa ni membamba kama nyasi na yanauma kuliko wembe. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimefungwa vidole viwili vya mguu kwa kitambaa cha kupangusia mafuta, na aliyenifunga alikuwa fundi mkuu, Mzee Okumu.

Mzee Okumu alikuwa ametoka Siaya, mtu mrefu, mwimba besi wa kwaya, mkali, na msafi kupita kiasi. Ovaroli yake ilipigwa pasi. Karakana nzima ilijua kwamba ukigusa mikasi yake bila ruhusa utasikia jina lako likitamkwa pole pole, silabi moja moja, na hilo lilikuwa baya kuliko kupigiwa kelele. Alinitazama nikichechemea, akaniambia nikitaka kuendelea kufagia nirudi kesho na viatu vya ngozi, na nikitaka kujifunza kazi nirudi kesho na viatu vya ngozi pamoja na penseli. Nilirudi na penseli.

Siku ya tatu yakaja mawe. Mnajua karakana yetu ilivyo, paa tupu bila dari. Ilikuwa ni kelele za kutisha, nikajikunyata chini ya meza ya kukunjia mabati na kuziba masikio. Mzee Okumu akanivuta mkono akanitoa nje, akanipa karai nijifunike, naye akajifunika kipande cha bati. Alilazimika kuinama karibu na sikio langu ndipo nimsikie.

"Usiangalie yanavyoanguka, nyathina," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita, mwanangu. "Angalia yanaenda wapi."

Nikaangalia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka lenye bomba la moshi katikati ya paa. Mawe yalikuwa yanateremka kwenye mifereji ya bati kama watoto wakitoka shule, yanafika nyuma ya lile bomba, yanasimama. Yaliyofuata yakasimama nyuma ya wenzao. Kwa muda mfupi kukawa na rundo jeupe linaloweza kunifika magotini. Halafu nikaona mwenye duka anatoka mbio na ndoo, analaani bati. Bati halikuwa na kosa lolote. Nilisisimka mpaka nikasahau kwamba nimelowa, na tangu siku hiyo sikuitaka kazi nyingine yoyote.

Kwa miaka ile ya mwanzo nilijifunza kwa mikono. Kwamba mkasi wa bati uko wa kushoto na wa kulia, na anayetumia mmoja kwa kazi zote mbili anaharibu bati na mkasi pamoja. (Aliyeazima wangu wa kulia mwaka jana anajijua.) Kwamba bati hukunjwa kwa nyundo ya mbao, kwa maana nyundo ya chuma inaacha makovu na kutu huanzia kwenye kovu. Kwamba ukilala kifudifudi kwenye paa saa saba mchana utaungua kifua, kwa hiyo lala juu ya gunia. Kwamba silikoni ni nzuri sana kwa madirisha. Mzee Okumu aliona fundi anayeziba paa kwa silikoni sawa na mtu anayepaka poda juu ya kidonda, na alimwambia hivyo usoni.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane, na ambalo mlikuwa mnalicheka mpaka mkaliona wenyewe, ni mahindi. Mafundi wengine wakimaliza paa hupandisha mpira wa maji, hufungua bomba, huona gata inatiririka, hukusanya vifaa na kwenda. Mzee Okumu alisema maji yanadanganya, kwa sababu maji yanaweza kupita popote. Yeye alipanda na debe la mahindi makavu ya msimu uliopita, yaliyopepetwa vizuri, akayamwaga kutoka kileleni pole pole, kote kote. Punje ya hindi ni sawasawa na jiwe la mvua la kawaida, ukubwa ule ule, na inateleza juu ya bati vile vile. Mahali punje zinapolala, ndipo barafu italala. Baada ya hapo ndipo alifungua maji juu ya mahindi, na kama maji yalipanda nyuma ya rundo hata kidogo tu, paa lilikuwa halijaisha.

Sasa nihadithie ya kule Kiplombe. Ilikuwa nyumba ya mwalimu, paa lenye bonde, yaani pale pande mbili za paa zinapokutana, na matundu mawili ya hewa. Mimi ndiye niliyekuwa juu na debe, mara ya kwanza kuaminiwa. Nikamwaga. Jirani mmoja aliyekuwa anakamua ng'ombe akaona mwanamke juu ya paa la mwalimu anarusha nafaka pande zote nne huku mzee mmoja aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi amesimama chini anaimba. Mzee Okumu aliimba kila akifanya kazi, ni wimbo wa kwaya tu. Jirani hakungoja. Tuliposhuka tulikuta watu wamejaa uani, na mbele yao mchungaji na Biblia mkononi, anatuuliza tunaifanyia nini nyumba ya mwalimu.

Mimi nilitamani kurudi juu. Mzee Okumu alivua kofia, akamsalimia mchungaji kwa heshima, akamwomba apande ngazi aone mwenyewe. Mchungaji hakuwa mtu wa ngazi, lakini watu walikuwa wanamtazama. Alipanda. Akaonyeshwa punje zilizolala nyuma ya tundu la pili la hewa, akaonyeshwa maji yanavyojikusanya pale, akashuka. Kisha akauliza kama tunaweza kuja Jumatatu tuwamwagie kanisa lao pia, kwa sababu kila mwaka mawe yakinyesha madhabahu inalowa na wao walikuwa wanadhani ni jaribu. Kuku wa mwalimu walishinda jioni yote wakila ushahidi.

Dawa ya lile tundu la pili ni kitu ambacho nyote mmekitengeneza, lakini nitakieleza kwa ajili ya atakayekuja. Upande wa juu wa bomba au tundu la hewa, usiache uso bapa unaoyapokea mawe kifua kwa kifua. Tengeneza kipaa kidogo chenye mgongo, kama hema la kitoto, ncha yake ielekee kileleni. Mawe yakifika yanapasuliwa, nusu huku nusu kule, yanaenda zake. Karakanani tunakiita punda. Punda wa kwanza nilimtengeneza mara saba kabla Mzee Okumu hajakubali kumpeleka juu ya paa la mtu, na yule wa saba alimgeuza geuza, akamnusa hata sijui ananusa nini, akasema anaweza kwenda.

Alipostaafu akarudi Siaya aliniachia mikasi yote miwili. Hakutoa hotuba. Aliniuliza tu kama nina debe langu.

Kisha mji ukabadilika. Zikaja nyumba za kuficha paa, zile zenye ukuta unaopanda juu mpaka huoni bati, gata imejificha kwa ndani. Zinapendeza kwenye picha. Kwa mawe ya Eldoret ni sinia la kukusanyia barafu. Nilizunguka Munyaka na Kiplombe nikipasua midomo kwenye kuta hizo, tundu pana la kutokea maji juu kidogo ya gata, ili ikiziba maji yaende nje na yasije sebuleni. Wenye nyumba walilia kwamba ninaharibu sura. Niliwaambia wasubiri mwezi wa nne. Wavu wa kuku kwenye gata niling'oa mwingi mpaka ningeweza kufuga kuku wa kaunti nzima, kwa sababu wavu unazuia majani na unazuia mawe pia, na mawe yaliyozuiwa ni boma. Nilikuwa na raha sana miaka hiyo. Nilijiona najua.

Ndipo nikapata kazi ya Ziwa, ule mji mdogo wa soko kaskazini mwa Eldoret, na hii nawaandikia polepole.

Akina mama wa kikundi kimoja kule Ziwa walijenga stoo ya pamoja ya mahindi. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Chebet, mjane, mkulima, mtu wa maneno machache anayesikilizwa hata na madalali sokoni. Wazo lao lilikuwa zuri: kila familia ilete magunia yake pale, yakae pakavu, yapumue, wale yao mpaka msimu unaofuata bila kukimbizana na wanunuzi. Mahindi yasipopumua hutoa jasho, yakitoa jasho huota ukungu, na mahindi yenye ukungu ule huwezi kumpa mtu wala ng'ombe. Kwa hiyo walitaka matundu matatu ya hewa juu ya paa, yale yenye kichwa cha bati kinachozunguka kwa upepo. Mawili niliyaweka karibu na kilele. La tatu boriti ilinizuia, nikaliteremsha katikati ya mteremko.

Tulipomaliza nikapandisha debe begani. Mama Chebet alikuwa amesimama chini ya ngazi. Akaniuliza naenda wapi na mahindi. Nikamwambia najaribu paa. Akaweka mkono kwenye ngazi.

"Hapa hatumwagi mahindi," alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nimeshawahi kuokota punje barabarani nyuma ya lori nipikie watoto. Hiyo kitu usifanye kwangu."

Nilishusha debe. Nilikuwa na majibu mengi mdomoni, ya mawe, ya boma, ya mchungaji wa Kiplombe, nikayameza yote kwa sababu alikuwa mkubwa wangu na alikuwa amenifunulia jambo la uchungu, na kwetu mtu akikufunulia hivyo huanzi kubishana naye. Nikafungua maji. Maji yakapita vizuri kama kawaida yake. Tundu la tatu sikuliwekea punda, nikijiambia mteremko uliopo juu yake ni mfupi. Nikaandika paa limekamilika nikarudi mjini nikiwa nimejisifu kwa adabu zangu.

Msimu wa kwanza haukuwa na mawe. Wa pili, mavuno yakiwa ndiyo yameingia stoo, nilikuwa Ziwa siku ya soko nikipima gata ya duka moja. Mchana mbingu ikawa ya rangi ya chuma. Nikajua. Yalipoanza nilikuwa mtu wa kwanza kutoka nje, karai la mwenye duka kichwani, nacheka peke yangu, kwa sababu yalikuwa mawe hasa, makubwa, sijaona mfano wake kwa miaka. Soko lote lilikuwa jeupe. Nikawa naangalia yanaenda wapi, paa hili, paa lile, nikiwa na furaha kabisa, na macho yangu yakafika kwenye paa la stoo ya akina mama.

Vichwa viwili vya juu vilikuwa vinazunguka. Cha tatu kilikuwa kimesimama. Nyuma yake kulikuwa na rundo linalopanda.

Nilikimbia na karai kichwani. Ndani ya stoo Mama Chebet na wenzake wawili walikuwa wameinua nyuso. Tone la kwanza lilikuwa limeshaanguka, kisha mengine yakafuata kwenye mstari wa misumari, kisha ukawa uzi wa maji. Chini yake yalikuwa magunia ya Mama Chebet mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta, na yaliyotangulia yalipangwa katikati. Nilitaka kupanda papo hapo. Radi zilikuwa zinapiga karibu, na fundi hapandi bati kukiwa na radi, hilo nawaambia hata kama ndani kuna mama yako mzazi. Kwa hiyo tukavuta magunia. Wanawake wanne, gunia baada ya gunia, mgongo unalia, huku maji yanapata mahali papya kila tulipoyakimbia. Nimefanya kazi ngumu maishani. Kungoja radi zile zipite ndiyo ngumu kuliko zote.

Zilipopita niliomba kitu cha kusukumia barafu. Mtu mmoja alileta koleo, nikamkatalia, koleo linakwaruza bati. Mwingine alikuja na ndoo ya chumvi ya ng'ombe, na ni kweli chumvi inayeyusha, lakini inakula bati na pale tulikuwa tumeshaharibu vya kutosha. Mama Chebet hakuuliza. Alivuka barabara kwenda jikoni la kanisa akarudi na mwiko wa kusongea ugali wa msiba, ule mrefu kama jembe. Nikapanda nao. Nililala kifudifudi juu ya barafu nikaanza kuipasua kutoka chini kwenda juu, kwa maana ukianzia juu unaongeza mzigo pale palipoziba. Mara boma likaachia. Maji yote yaliyokuwa yamejificha nyuma yakashuka kwa mshindo, yakabeba mwiko, yakanivua kiatu kimoja. Kichwa cha tatu kikatikisika, kikaanza kuzunguka.

Nilishuka na kiatu kimoja mguuni. Tukafungua magunia yaliyolowa moja moja. Kwa siku kadhaa nililala kwa Mama Chebet, tukianika mahindi kwenye maturubai kila jua lilipotoka na kuyaingiza kila wingu lilipoonekana. Mengi yalipona. Magunia ya katikati, yale yake, tulipoyafungua mara ya pili yalikuwa na joto ndani na yananuka. Tulichimba shimo tukayafukia, naye alishika jembe mwenyewe. Hapo ndipo nilimweleza. Nilimwambia debe lile lilikuwa la nini, na kwamba ningelimwaga ningeona punje zikilala nyuma ya tundu la tatu, na kwamba nilinyamaza.

Aliegemea jembe.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuheshimu, Mama."

"Ati heshima." Alitingisha kichwa. "Jentrix, wewe ulininyima maneno. Ungeniambia hii ni ya kuokoa yale mengine, ningekupa hata debe mbili. Mimi najua njaa. Si mimi ungenielewesha haraka kuliko mtu yeyote?"

Nililia pale shimoni, na sioni haya kuandika hivyo. Kwa miaka yote nilikuwa nimejifunza mkono wa Mzee Okumu na nikaacha mdomo wake. Yeye angeketi juu ya debe lake mpaka giza liingie akimweleza yule mama, kama alivyomweleza mchungaji. Mimi nilitaka kuonekana mwenye adabu, na adabu yangu ilimgharimu mtu chakula chake.

Nilirudi Ziwa wiki iliyofuata na punda mkubwa kuliko wote niliowahi kukunja, pamoja na wadogo wawili wa vile vichwa vya juu, kwa usalama wa moyo wangu. Na maturubai. Tuliyatandaza kuzunguka stoo nzima, chini ya kila gata, ili punje isiguse udongo. Jambo jepesi hivyo, na lilikuwepo tangu siku ile ya kwanza kama ningefungua kinywa. Mama Chebet alikagua maturubai, akavuta kona moja vizuri zaidi, akanipa mahindi yake mwenyewe. Nikamwaga. Punje zilifika kwa punda, zikagawanyika, zikakimbia pande zote mbili zikalia kwenye gata kama mvua. Nilimwaga mara tatu, mara mbili za mwisho kwa raha tu. Akina mama waliziokota zote, wakazipepeta, wakazirudisha guniani.

Lakini mahindi ni mahindi na mawe ni mawe. Nilijua paa lile halijajibu swali lenyewe. Msimu mzima likanikaa rohoni, na tarehe yangu ya kustaafu inakaribia, na kila wingu likielekea kaskazini nilikuwa nalisindikiza kwa macho. Nilisema sitaondoka kazini nikiwa sijui. Kisha nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuomba mvua ya mawe, na sikuwa na uhakika kama maombi ya namna hiyo yanapokelewa.

Wiki ya mwisho, mliniona. Mlidhani nimepigiwa simu ya msiba. Hapa mjini jua lilikuwa linawaka, nilikuwa napanga mikasi kwenye kasha, simu ikalia, jina la Mama Chebet. Nikapokea. Sikusikia mtu. Nilisikia mngurumo tu, mkubwa, mfululizo, na nikajua mara moja ni nini kwa sababu nimeusikia maisha yangu yote. Alikuwa ameinua simu kuelekea juu, ndani ya stoo, paa likipigwa.

Niliita jina lake. Niliuliza radi ziko wapi, niliuliza kichwa cha tatu, nilipaza sauti mpaka mkaacha kazi. Mngurumo ukaendelea muda ambao siwezi kuupima, kisha ukapungua, ukawa mvua ya kawaida, na nikasikia gata zikibeba. Hapo ndipo sauti yake ilipokuja, karibu kabisa na simu, anahema.

"Nimepapasa gunia zote," alisema. "Zote, Jentrix, mpaka zile za katikati. Nimelala juu yazo sasa, naangalia misumari yako. Hakuna kitu."

Nikamwambia asikate simu, aiinue tena nisikie gata zikibeba.